Sura ya Mtu ni Amana

Katika neema alizotujaalia Mwenyezi Mungu (S.W.T.), ambazo twazitumia mchana na usiku bila ya kuzihesabu, neema ya kuona ni miongoni mwa zilizo kubwa. Maulamaa wetu wamesema mengi juu ya adabu za ulimi, na mimbari zetu hazichoki kutuonya na kusengenya na kusema uwongo. Ama adabu za jicho, na hasa za hili jicho la pili ambalo siku hizi kila mtu amelitia mfukoni, yaani kamera, hizo twazizungumza kidogo. Nataka kuzizungumza hapa. Sitoi fatwa, maana mimi si mwanachuoni. Nasema kama mtu aliyekaa na kamera kijijini kwa miaka kadha, akafunzwa mambo na chombo kikongwe.

Kijiji chenyewe ni Kigombe, katika wilaya ya Muheza, kusini ya mji wa Tanga kwa njia iendayo Pangani. Mbele yetu ni bahari, nyuma yetu ni minazi na mashamba ya mkonge. Nchi hii, tangu Tongoni, ni nchi ya Mtang'ata, na kwa wazee lafudhi ya Kimtang'ata haijapotea. Watu wa mbali walianza kulisikia jina la pwani hii baada ya mwaka 2003, wavuvi wa nyavu za jarife walipoanza kumnasa silikanti, yule samaki wa vilindini ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za kale, mpaka alipopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938. Kwa ajili yake Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Nadhani samaki yule amepigwa picha nyingi kuliko mzee yeyote wa kijiji chetu. Mimi picha zangu ni za watu: wavuvi wakishusha, wanawake wakichemsha dagaa, watoto wa chuo na mbao zao, maharusi, na wazee barazani baada ya Alasiri.

Picha hizo nazipiga kwa lenzi ambayo umri wake wapata miaka 50. Ni Helios 44-2, ya Kirusi, kipimo chake milimita 58. Lenzi za namna hii zilitengenezwa kwa mamilioni katika Urusi ya Kisovieti, na kiwanda chake mashuhuri kilikuwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kwa ajili ya kamera zinazoitwa Zenit. Asili ya mchoro wake ni Ujerumani: kampuni ya Carl Zeiss ya Jena iliitoa lenzi ya Biotar katika miaka ya 1930, na baada ya vita kwisha mwaka 1945 Warusi wakauchukua mchoro ule na kuutumia. Zenit zilikuwa rahisi kuliko kamera za Kijapani, na mzee mmoja aliyekuwa na studio Ngamiani, mjini Tanga, ndiye aliyeniuzia yangu. Kamera yenyewe pazia lake lilikuwa limekwisha kuoza, lakini lenzi ilikuwa nzima. Nikanunua pete ya kuungia, maana mdomo wa lenzi hii ni wa kuparafujia, kipenyo chake milimita 42, nami naitumia sasa juu ya kamera ya kisasa isiyotumia filamu. Kwa kuwa kioo cha kupokelea picha katika kamera yangu ni kidogo kuliko filamu ya zamani, lenzi ya milimita 58 huona kama ya milimita 87. Na kipimo kama hicho ndicho wapiga picha wamekipenda siku zote kwa sura za watu, kwani hukuwezesha kusimama mbali kidogo na mtu, na pua yake isionekane kubwa kuliko ilivyo.

Yule mzee aliponikabidhi aliniambia, "Mwanangu, hii haina haraka. Ukiwa na haraka, tumia simu yako."

Maneno yake nimeyaona kuwa kweli. Lenzi hii haijilengi yenyewe. Ni lazima mkono wa kushoto uizungushe pete polepole mpaka macho ya mtu yatoke wazi katika kioo. Tundu la mwanga likifunguliwa lote, nawe umesimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, basi unene wa kile kilicho wazi ni sentimita 5 hivi. Ukiyapata macho, masikio yamekwisha kuingia ukungu. Mtu akiyumba kwa kicheko, umemkosa. Kwa hiyo huwezi kumwibia mtu sura yake kwa chombo hiki upesi upesi huku unapita njia. Sharti umkaribie, akuone, umsalimu, umwombe, naye akubali kutulia. Mara nyingi itakubidi umwombe tena, kwa sababu mara ya kwanza mkono umechelewa.

Mwanzoni hayo niliyaona kuwa ni uzito wa kazi tu. Baadaye nikaanza kuona kuwa uzito ule wafanana na jambo tulilokwisha kufundishwa. Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba za wenzetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyeji. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, na huko kurudi ndiko kulikotakasika zaidi kwetu. Mtume wetu (S.A.W.) akatufundisha kuwa idhini huombwa mara tatu, na usipoitikiwa uende zako. Sisi watu wa pwani tumelifanya hilo kuwa ada yetu, nalo ni neno "hodi". Hata mtoto mdogo hapa Kigombe haingii uwani kwa jirani bila ya kupiga hodi. Basi ikiwa nyumba ya udongo na makuti ina haki ya kupigiwa hodi, uso wa mwenye nyumba je? Na aya zinazofuata katika sura hiyo hiyo zinawaamrisha waumini wanaume, na waumini wanawake, wainamishe macho yao. Sidhani kama ni kwa bahati tu kwamba hodi ya mlango na adabu ya jicho zimekaa pamoja.

Tena yafaa tukumbuke ni nani aliyewafunza walimwengu jinsi jicho linavyoona. Wayunani wa kale wengi wao walidhani kuwa jicho hutoa miale, ikaenda kuvigusa vitu. Aliyeivunja rai hiyo kwa hoja na majaribio ni Muislamu, Al-Hasan bin Al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040. Katika kitabu chake kiitwacho Kitabu Al-Manadhir alibainisha kuwa mwanga ndio utokao katika vitu ukaingia jichoni, na akaeleza mwendo wa mwanga upitao katika tundu dogo na kuingia chumba chenye giza, jambo ambalo ndilo msingi wa kila kamera. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Mwaka 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa kimataifa wa mwanga, ulimwengu uliiadhimisha kazi yake kwa kutimia miaka 1000.

Nalitaja hilo kwa sababu lina mafunzo zaidi ya fahari. Sisi twasema "kupiga" picha, kana kwamba mwenye kamera ndiye atendaye. Lakini alivyoonesha Ibn Al-Haytham, jicho halitoi kitu, linapokea. Mwanga uliogusa shavu la mtu ndio ulioingia katika lenzi yangu. Nimepokea kitu kilichotoka kwake. Na kitu cha mtu kilichoko mkononi mwako kina jina katika dini yetu: kinaitwa amana.

Wapiga picha wa zamani wa pwani yetu walilijua hilo. Unguja kulikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993. Mtu alikwenda studio kwa miguu yake. Alioga, akavaa kanzu na kofia au buibui jipya, akachagua pazia la kusimama mbele yake, akatazama kamera kwa ridhaa. Picha ikishasafishwa ilitiwa katika albamu, na albamu ikatiwa sandukuni, akaoneshwa anayestahili kuoneshwa. Mpiga picha naye akabaki na filamu za watu wote wa mji, mabibi kwa mabwana, na riziki yake ilisimama juu ya kuaminiwa kuwa hazitatoka. Wengi katika wapiga picha hao hawakuwa Waislamu, na Waislamu waliwaamini kwa sura za wake zao na binti zao. Yapasa tuyakumbuke hayo kwa insafu.

Najua kuwa yuko msomaji atakayeuliza: je, picha yenyewe yafaa? Maulamaa wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit Al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 mpaka 1920, aliandika risala akasema kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli, mfano wa kioo cha kujitazamia, wala si kuumba. Wengine, kama Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, walikaza, wakaruhusu kwa dharura tu, kama picha za vitambulisho. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake. Lakini hata wale walioruhusu hawakuruhusu kila picha. Walishurutisha kuwa isiwe na jambo la haramu ndani yake. Na kuivunja siri ya mtu ni haramu iwe kwa ulimi, iwe kwa kalamu, iwe kwa kamera.

Wala msomaji asidhani kuwa nasema lenzi kongwe humfanya mtu kuwa mwema. Chombo hakina dini. Picha ya uso mashuhuri kupita zote za zama zetu ni ya binti Muislamu, naye alipigwa kwa lenzi ya namna hii hii, ya kulengwa kwa mkono, Nikkor ya milimita 105. Ilikuwa mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi wa Afghanistan karibu na Peshawar, Pakistan. Mpiga picha alikuwa Mmarekani, Steve McCurry. Juni 1985 sura ya binti yule, macho yake ya kijani yakimtazama mtu usoni, ikatoka juu ya jalada la jarida la National Geographic, ikaenea dunia nzima. Jina lake halikuandikwa, kwani halikuulizwa. Kwa miaka 17 watu waliijua sura yake naye mwenyewe hakupata kuiona. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002 ndipo dunia ikajua kuwa anaitwa Sharbat Gula, mke wa mtu na mama wa watoto. Akasema kuwa alikumbuka siku ile na kwamba alighadhibika, maana aliyempiga alikuwa mgeni na yeye hajapata kupigwa picha. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa habari za kitambulisho, akarudishwa kwao, na ile picha ya zamani ikachapishwa tena pamoja na habari za kukamatwa kwake. Mwaka 2021 alipokewa Italia.

Nimeitazama picha ile mara nyingi, na ni picha njema kwa kazi ya mkono. Aliyeipiga alisimama karibu, alilenga sawasawa, na binti alitulia. Basi kutulia peke yake si idhini. Mtoto hutulia kwa kuogopa, maskini hutulia kwa kutumaini, na mwanafunzi hutulia kwa kuwa mwalimu wake kamwambia. Huu ndio mtihani ambao lenzi yoyote haiwezi kumfanyia mtu. Ni lazima aufanye mwenyewe moyoni mwake kila anapoinua mkono.

Mtihani huo ulinifika mimi kwa mtu wa nyumbani. Dada yake mama yangu, ambaye nilimwita Mama Mkubwa, hakupenda picha maisha yake yote. Ya kitambulisho cha Taifa alikubali kwa kuwa hapana budi. Mwanawe wa kiume alikuwa Maskati, na kwa taabu za kazi na karatasi alikuwa hajarudi miaka 11. Siku moja nilikuwa uwani kwake nikiifuta lenzi, maana hewa yetu ya chumvi huleta kuvu ndani ya vioo, akaniuliza:

"Mwanangu, hicho kidude chako chaonesha mikunjo?"

"Chaionesha, Mama Mkubwa, lakini kwa upole."

"Basi nipige moja. Ya mwanangu wa Maskati. Ya yeye peke yake."

Akaivua mtandio wake mwenyewe. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, nazo kazisuka mabutu mawili. Akasema ataka mwanawe amwone kama alivyokuwa akimwona alipokuwa mdogo, hapo hapo juu ya mkeka, wala si kama mtu aliyekwenda ofisini. Mimi ni mwana wa dada yake, maharimu yake, na hapakuwa na mtu mwingine ila mjukuu wake mmoja wa kiume aliyekuwa akikuna nazi. Nikalenga. Mara ya kwanza alicheka akanitoka. Mara ya tatu nikampata. Majani ya mnazi nyuma yake yalizunguka kama chamchela, maana ndivyo lenzi hii ifanyavyo kwa kitu kilicho mbali, na katikati yake uso umetulia. Katika picha zangu zote sijapata nyingine kama hiyo.

Nikaipeleka Maskati, nikamchapishia yeye nakala moja, akaitia sandukuni. Nikamuuliza kama nifute iliyobaki kwangu. Akasema, "Kaa nayo wewe, huenda ya mwanangu ikapotea. Lakini isitoke."

Haukupita mwaka, Mama Mkubwa akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jioni ile ile, kabla ya maziko ya asubuhi, yule mjukuu akanijia. Walitaka kutangaza msiba katika makundi ya simu, kama ilivyo ada siku hizi, na tangazo huwekwa picha.

"Mjomba, nipe ile nzuri. Hii ya kitambulisho yamfanya kama mtu aliyekamatwa."

Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia kuwa bibi keshakufa, na kwamba watu wa Tanga, wa Pangani na wa Unguja wamjue walau alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia atie mtandio mwingine kwa maneno, aandike sifa zake. Akanijibu kuwa siku hizi watu hawasomi. Tukampigia simu mwanawe Maskati. Alikuwa analia. Akasema, "Ndugu yangu, fanya uonalo sawa. Mimi mkono wangu haunyanyuki kuituma." Mzigo ukarudi kwangu.

Nataka niwe muadilifu kwa yule kijana, kwa sababu alikuwa na hoja. Alimpenda bibi yake. Picha ile ilikuwa ya heshima, hapana uchafu ndani yake, na wako wengi wanaotangaza maiti wao kwa picha na nia zao ni njema. Wala si kweli kwamba mimi sikutamani ionekane. Mtu aliyefanya kazi vizuri hupenda ionekane, na nafsi yangu usiku ule ilikuwa upande wake. Lakini kila nilipotaka kusema "chukua" nikamsikia mwenyewe akisema "isitoke". Amana haifi kwa kufa aliyeiweka; kufa kwake ndiko kunakoikaza, maana hawezi tena kusimama na kuidai. Hai akidhulumiwa atasema. Maiti atasemewa na nani?

Sikuitoa. Tangazo likatoka bila ya picha: jina lake na la baba yake, wakati wa swala ya jeneza, na mahali pa kuzikwa. Msikiti ulijaa mpaka barazani, na katika waliokuja wako ambao hawakupata kumwona uso hata siku moja, walisikia tu kuwa ndiye aliyekuwa akiwapikia wageni wa Maulidi. Lakini yule kijana aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mjomba, umemzika bibi mara mbili." Tunasalimiana, twala sinia moja siku ya Idi, na juu ya jambo hili hatujalingana mpaka leo.

Baada ya hapo nilikwenda Tongoni, ambako magofu ya msikiti wa karne nyingi na makaburi zaidi ya 40 ya wakubwa wa zamani yangali yapo, mengine na nguzo zake. Waliolala pale walikuwa matajiri na masharifu wa nchi hii kabla Mreno hajaiona. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na mwaka uliofuata akaiteketeza moja ya merikebu zake karibu na hapo kwa kukosa mabaharia. Hakuna ajuaye hata mmoja wao alikuwa na uso wa namna gani. Na kila Muislamu apitaye na kutoa salamu kwa watu wa makaburi, salamu yake huwafikia wote sawasawa. Nilisimama pale kitambo, na neno la kijana likapungua uzito kidogo, ingawa halikwisha. Maiti wetu wanatuhitajia kwa dua, na kwa kulipiwa madeni, na kwa kutimiziwa wasia. Picha ni haja yetu sisi tuliobaki. Si haja mbaya, lakini tusimtwishe maiti.

Lipo na jambo jingine lililonifunza tahadhari, nalo ni kuhusu ukweli. Lenzi hii ikifunguliwa tundu lote huufuta ulimwengu ulioko nyuma ya mtu. Nimewapiga wanawake wanaochemsha dagaa pale ufukoni: nyuma yao kuna moshi, kuni mbichi, mapipa yaliyoungua, na mtoto amelala kivulini pa gunia. Katika picha vyote hivyo vikageuka rangi laini za kupendeza, na mama yule akatoka mzuri kama malkia. Akafurahi, na mimi nikafurahi. Lakini mtazamaji wa mbali ataona uzuri tu, asijue kuwa macho yale ni mekundu kwa moshi wa tangu alfajiri. Mtu anaweza kusema uwongo kwa kuficha tu, bila ya kuongeza neno. Kwa hiyo siku hizi, mtu akiwa kazini na akaridhia, nalifunga tundu mpaka namba 8, nasimama mita 3, na hapo huwa wazi kipande cha karibu mita moja: mtu pamoja na sufuria lake, na moto wake, na mkono wa mwenziwe. Picha yenyewe huwa ya kawaida zaidi. Ila yule mama nilipomwonesha aliitazama kwa muda mrefu kuliko ile ya kwanza, akasema, "Hii ndiyo kazi yangu." Uzuri wa kutia ukungu nauweka kwa picha za nyumbani, ambapo mwenyewe ndiye aliyetaka uso wake peke yake.

Ndugu msomaji, si lazima utafute lenzi ya Kirusi. Simu yako yatosha, na hukumu ni moja. Lakini kwa kuwa simu ina haraka, wewe ndiye utakayeweka huo uzito ambao mimi nawekewa na chombo. La kwanza, piga hodi kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa rudi bila ya kununa. La pili, usiichukulie ridhaa ya kupigwa kuwa ni ridhaa ya kuenezwa. Hizo ni idhini mbili, na kila moja ina mlango wake. La tatu, karamu za wanawake na faragha za majumba ya watu ziache zilivyo. Nimeiona harusi moja pwani hii iliyoingia fitina kwa sababu ya video ya dakika moja iliyopigwa ukumbini kwa mabibi, ikazunguka mji mzima kabla ya fungate kwisha. Aliyeipiga alisema alikuwa akicheza tu. La nne, wa mbali na wanyonge, yaani wagonjwa, watoto, na wanaopewa sadaka, uwaangalie zaidi, kwa sababu kukataa kwao ni kugumu. Nchi yetu imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema. Lakini Muislamu hangoji sheria ya Serikali ndipo ajue kuwa cha mtu ni cha mtu.

Ama mimi nimefanya jambo moja zaidi. Katika wasia wangu, ambao kila Muislamu ametakiwa awe nao umeandikwa, nimeandika mstari juu ya picha: zilizo za watu warudishiwe wenyewe au warithi wao wa karibu, na ile moja ya uwani ifutwe siku nitakayokufa, maana nakala ya mwenyewe iko Maskati. Nimemkabidhi kazi hiyo yule yule kijana aliyenilaumu. Aliusoma mstari ule, akanyamaza, akaukunja wasia akautia mfukoni mwa kanzu yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulinde na khiyana ya macho, ambayo Yeye anaijua hata watu wasipoijua. Azisitiri aibu zetu kama tutakavyowasitiri wenzetu. Na awarehemu wazee wetu waliotangulia, wenye picha na wasio na picha. Amin.